Miguu Miwili ya Kushoto

Ukitaka kumkasirisha Bertila Kemilembe, mwulize kwa nini anasomea makanisa ya watu wengine. Swali hilo aliulizwa mara nyingi kuliko alivyoulizwa habari za kuolewa, na kwa mwanamke Mhaya aliyevuka thelathini na tano, anayeishi peke yake Alief, mtaa wa Houston huko Marekani, hapo si pa kuchezea. Baada ya misa ya Kiswahili watu wa Houston walikuwa na desturi ya kusimama kwenye maegesho wakigawana sambusa juu ya boneti za magari, na hapo ndipo Marguerite, mama wa Kirundi anayetandika vitanda hotelini, alipomchokoza.

"Weye Bertila, hayo makanisa unayoyachimba, hayana wenyewe?"

"Wenyewe walishakufa, mama."

"Na ya kwenu je? Umeshamaliza kuyachimba?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamalizia, "Nshomile huyo, mwache!" Nshomile ni neno letu la Kihaya, maana yake nimesoma, na Watanzania wenzetu wamelifanya jina la utani la kabila zima kwa sababu eti tunajisifu. Bertila alicheka pamoja nao. Alipoingia garini alibamiza mlango mpaka kioo kikatetemeka.

Nieleze alichokuwa akisomea, maana wengine walidhani ni upadri wa kike. Zamani, dola la Warumi la upande wa mashariki, ambalo wasomi huliita Bizanti, lilikuwa na mji mkuu wenye makanisa ya dhahabu mpaka darini. Hayo Bertila hakuwa na haja nayo. Yeye alikuwa mtu wa makanisa ya mikoani: vijikanisa vya mawe katika nyanda za juu za Uturuki, vilivyojengwa na wakulima na wachunga mbuzi, vikapambwa na fundi wa palepale kijijini ambaye pengine hakuwahi kuuona huo mji mkuu. Kila kiangazi alikwenda na timu ya chuo chake kufukua kimoja. Wanaondoa udongo kwa brashi, wanakuta ukuta, juu ya ukuta lipu, juu ya lipu rangi, na mara nyingine juu ya rangi kuna lipu nyingine na rangi nyingine, kama mtu aliyevaa shati juu ya shati.

Ndani ya kijikanisa chao kulikuwa na mtume Petro. Nusu ya uso ilishadondoka. Masikio yalikaa juu mno, macho makubwa kama ya mtu aliyeitwa jina lake ghafla, na wekundu wa vazi lake ulikuwa udongo wa kilima cha nyuma ya kanisa. Maabara walipima, wakahakikisha. Lakini kilichomfanya Bertila ampende Petro huyo kuliko mitume wengine wote ni miguu. Mchoraji alimchorea miguu miwili ya kushoto. Yote miwili, vidole gumba upande uleule! Halafu baada ya miaka mtu fulani alirudi na brashi, akaifunika miguu hiyo tu. Uso hakuugusa, vazi hakuligusa. Akachora mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, kwa udongo mwekundu wa mahali pengine, wenye kuelekea kahawia. Rangi hiyo ya juu ilipoanza kubanduka ndipo ya chini ikaonekana.

Kwa nini miguu tu? Bertila aliandika sura nzima ya tasnifu yake juu ya swali hilo. Labda alipita askofu mkali. Labda alikuja fundi mpya kutoka mjini. Labda mafundisho juu ya miili ya watakatifu yalibadilika. Kurasa kwa kurasa, jamani, na mwishoni akaandika kwamba mchoraji hajulikani na sababu haijulikani. Profesa wake aliipenda mno sura hiyo.

Sasa nikwambie jambo ambalo Bertila hakumwambia profesa wake. Baba yake, mzee Modestus, alikuwa mchoraji wa kanisa. Si kanisa kubwa. Ni kigango cha Nyarubale, kijijini kwetu Kagera, chumba kirefu cha matofali chenye paa la bati, ambako padre alifika mara moja moja na siku nyingine katekista ndiye aliyeongoza sala. Modestus alikuwa akiandika vibao vya maduka na majina ya shule. Padre mmoja alimpa kalenda ya zamani yenye picha takatifu, akamwambia, chora hizi ukutani. Modestus akachora, lakini kalenda aliitazama kidogo tu. Rangi nyingi alizitengeneza mwenyewe kwa udongo mwekundu, chokaa na masizi. Karamu ya Mwisho akaijaza ndizi, sahani ya senene, wale panzi wetu wa kukaanga, katikati na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mbele ya Yuda. Bikira Maria akampa uso wa mke wake, mama yake Bertila, mpaka na mwanya wa meno, jambo lililomfanya mama huyo asikae viti vya mbele kwa muda mrefu. Na kwenye ukuta wa kulia, karibu na mlango, akamchora mtume Petro. Mwenye miguu miwili ya kushoto.

Naam. Bertila alikuwa mtoto alipouzoea ukuta ule, na mtoto haoni kasoro ya alichokizoea. Kisha alipelekwa shule ya bweni ya masista, akaona vitabu vyenye picha za makanisa ya Ulaya, akarudi likizo akiwa na wenzake wa shule na Kiingereza kipya mdomoni. Misa ilipokwisha, watu wakiwa bado wamesimama mlangoni wakisalimiana, alimtazama Petro na kumpazia baba yake sauti, "Tata, huyu atatembea kweli, au atakuwa anazunguka palepale?" Wenzake walicheka mpaka wakashikana. Waumini wakageuka, wakaangalia, na wao wakacheka, maana hakuna aliyewahi kugundua. Bertila alikumbuka vizuri kwamba hata baba yake alicheka.

Miaka ilipita. Siku alipoipangusa kwa brashi miguu ile ya Uturuki, akaona vidole gumba vimekaa upande mmoja, Bertila aliketi chini ndani ya shimo, akasema kwa sauti, "Tata!" Wenzake wakadhani ameumwa na nge. Alijiapiza kwamba akienda nyumbani atamweleza baba yake habari hiyo yote, amwonyeshe picha, amwombe na samahani ya kile kicheko. Lakini kila kiangazi kilikuwa cha kuchimba, na kila Krismasi kulikuwa na makala ya kumalizia. Mama alifariki, Bertila akaenda kuzika, akarudi baada ya wiki. Msibani si mahali pa kuzungumzia miguu ya Petro.

Septemba ya 2016 ardhi ya Kagera ikatetemeka. Nyumba nyingi zilipasuka, na kigango cha Nyarubale kikapata nyufa toka dirishani mpaka chini. Petro na Bikira Maria walibaki wamesimama, wamepasuka lakini wapo.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Houston. Kimbunga Harvey kilileta maji, maji yakaingia nyumba za watu Alief bila kubisha hodi, na yalipotoka kuta za jipsamu zilikuwa zimelowa hadi kiunoni na kuanza kunuka. Kila Jumamosi jumuiya ilikwenda nyumba hii na ile na nyundo na barakoa. Nyumba ya Ma Yasinta, mwanamke wa Nyarubale aliyemtangulia Bertila kuja Marekani, ndiyo iliyoumia zaidi. Waling'oa kuta zote, wakazirundika kando ya barabara, na kila jirani aliyesimamisha gari kuuliza, Yasinta alimjibu kwa Kiingereza, kisha akatugeukia na kusema kwa kujidai, "Si tunakarabati, jamani!" Neno hilo lilisemwa siku ile mara mia. Bertila alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, nyundo mkononi. Nalisema mapema ili usije ukasema nilikuficha.

Maana kwa Bertila ukarabati lilikuwa neno jingine kabisa. Alipokuwa chuo kikuu Dar es Salaam alifanya mazoezi kwenye magofu ya Kilwa, na kule ukarabati ni kuziba ufa kwa chokaa, kuegemeza ukuta usianguke, usiongeze na usipunguze. Tangu hapo, kila alipoielezea kazi yake kwa Kiswahili, alisema anakarabati michoro. Kichwani mwake neno lilikuwa na maana hiyo moja tu, safi na iliyofungwa.

Basi, mwanzoni mwa 2018 akapigiwa simu na Ta Sadock, Ta kwetu ni kama Bwana. Huyu ni mtu wa kwetu pia, anasimamia zamu kwenye ghala moja Mesquite, kule Dallas, na ndiye mwenyekiti wa wana-Nyarubale wote wa Texas. Mtu mwema, sauti kubwa, hawezi kuona jambo limelala asiliamshe.

"Daktari! Kigango chetu kinaanguka. Tumeamua kukikarabati. Tunakutaka wewe, mtaalamu, uje utie neno."

Weee! Bertila alifurahi kama aliyeposwa. Kumbe watu walikuwa wanaelewa! Sadock akaja na wenzake kutoka Dallas, wakakusanyika nyumbani kwa Yasinta, kwenye kuta zake mpya, wali ukapikwa, na Bertila akaonyesha picha ukutani: namna anavyoipiga lipu ya zamani sindano ya maji ya chokaa ili rangi isidondoke.

"Ukuta nao unaumwa malaria?" akauliza Marguerite, aliyekuja kusaidia kupika. Watu wakavunjika mbavu.

Sadock akasimama. "Ndugu zangu, mmemsikia mtaalamu mwenyewe. Tunakarabati, na tunakarabati kisasa!" Vigelegele vikapigwa. Bertila alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Aliahidi kuwaandikia mafundi maelekezo, hatua kwa hatua, mara tu atakapotulia. Hakutulia. Mitihani ya wanafunzi wake ikaja, kisha viza ya Uturuki, kisha ndege, na maelekezo yakabaki kichwani.

Akiwa kule Uturuki, Julai, shimoni, simu ikaita. Alikuwa baba yake. Mzee Modestus macho yalishaanza kumzimika kwa presha ya macho, kwa hiyo kupiga simu alikuwa anapigiwa na jirani, kisha anapewa aongee.

"Bertila, wamekuja mafundi wa ukarabati."

"Eh, vizuri sana, Tata!"

"Wananiuliza kama nina neno, kwa kuwa ukuta ni mkono wangu. Mimi nikasema sina. Lakini nakuuliza wewe. Sadock amewaambia kwamba mtaalamu wetu amekubali. Umekubali kweli?"

Mbele ya Bertila wenzake walikuwa wameshika kipande cha lipu chenye pindo la vazi la Petro, wanamngoja aingize ubao chini yake kabla hakijakatika. Walikuwa wanamkonyeza aharakishe.

"Nimekubali, Tata. Waache wafanye kazi yao. Nitakupigia jioni."

"Basi. Kama ni wewe umesema."

Jioni hakupiga. Kipande kilitoka kizima, timu nzima ikashangilia, wakala na kupiga picha, na simu ikasahaulika mfukoni mwa koti.

Sherehe ya kigango kipya ilifanyika Oktoba, na Ta Sadock akaalika watu Mesquite kuangalia video. Bertila ali-drive kutoka Houston asubuhi na Yasinta pembeni yake, sufuria la ndizi kiti cha nyuma, wanaimba njia nzima. Walimkuta Sadock ameshachoma nyama. Watu wakajaa sebuleni, televisheni ikawashwa, na kigango cha Nyarubale kikatokea kinang'aa.

Kinang'aa kweli, jamani. Marumaru nyeupe kutoka sakafuni mpaka juu, kuta zote nne. Dari jipya la jipsamu lenye mapambo ya maua. Pale alipokuwa Bikira Maria palibandikwa picha kubwa ya kuchapwa, ya plastiki, ya mama mmoja wa Kizungu. Kamera ikapita viti vya mbele, na mzee Modestus alikuwepo, suti kubwa kuliko yeye, mikono magotini, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Sauti ya mpiga picha ikasema, "Na huyu ndiye mzee wetu aliyechora ile michoro ya kizamani." Mzee akatabasamu. Sebuleni watu wakapiga vigelegele.

Kisha video ikarudi nyuma kuonyesha kazi ilivyofanyika. Mafundi walikuwa na tindo na nyundo, wanadonoa ukuta kila mahali, vishimo vishimo, ili saruji ya marumaru ipate pa kushika. Tindo ikapita shavuni mwa Bikira Maria, to, to, to. Ikapita kwenye sahani ya senene. Bertila aliijua namna hiyo ya kudonoa. Kule Uturuki kuta nyingi zina vishimo hivyo hivyo, na yeye ndiye aliyewatetea wanakijiji wa kale, akaandika kwamba hawakuwa maadui wa picha bali ni waumini waliotaka lipu mpya ishike. Aliandika hivyo bila kuusikia mlio wa tindo.

"Michoro iko wapi?" akauliza.

"Michoro gani?" Sadock akageuka, mfupa mkononi.

"Ya baba yangu, Ta Sadock. Si tulisema tunakarabati?"

"Si ndio tumekarabati?"

Sadock alimwangalia kwa wasiwasi wa kweli, maana hakuwa mtu wa kuumiza mtu. "Daktari, mbona unanitisha? Kama palikuwa na neno lingine, ungelisema. Mzee mwenyewe tulimwuliza. Alisema, binti yangu ndiye ajuaye makanisa, na binti yangu amekubali."

Bertila aliinuka. Angesema nini? Kwamba alidhani? Hapo hapo kiti cha pili alikaa Yasinta, ambaye kuta zake walizing'oa pamoja huku wakiliimba neno lile lile. Alikwenda bafuni, akafungulia bomba, akalia.

Kesho yake asubuhi, kwao ikiwa jioni, alimpigia baba yake kutoka Alief. Usiku mzima alikuwa anapanga maneno, na yote yalikuwa yanatafuta kitu kimoja tu: mzee ajue kwamba yeye hakuiona kazi yake kuwa takataka. Kanisa limeshakwenda. Hilo tu ndilo lililobaki kuokolewa.

"Umeona kanisa lilivyong'aa?" mzee akaanza. "Mimi nimelipapasa. Ni laini kama sahani. Asanteni sana, mwanangu."

"Tata, mimi sikukubali yale. Nilidhani ukarabati ni kuziba nyufa. Nilitaka michoro ibaki. Nilitaka iponywe."

"Aa, usijisumbue."

"Si kujisumbua, Tata, ni kweli!"

"Mwanangu, wewe umeona makanisa ya dunia. Yangu ilikuwa kazi ya mkulima mwenye brashi. Nakujua, una huruma, unataka nisiumie. Sikuumia." Akaanza kumtuliza, akamwuliza kama anakula vizuri, kama baridi imeanza. Bertila alishika simu kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyekosa, na yeye ndiye anayebembelezwa! Iliuma kuliko angegombezwa.

Ndipo alipoanza ile kazi ambayo watu waliiona ya kichaa. Aliwafuata wana-Nyarubale wote, Houston na Dallas, Fort Worth na Mesquite, akiomba picha za zamani: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, chochote kilichopigwa ndani ya kigango. Watu walidhani anataka kuwaona walipokuwa vijana. Yeye haangalii bibi harusi. Anaangalia kilicho nyuma ya shela. Alipata sikio la Petro nyuma ya mpambe wa mtu. Alipata nusu ya sahani ya senene juu ya kichwa cha marehemu katekista. Katika picha ya harusi ya Yasinta, katikati ya bibi na bwana, alikuwepo Bikira Maria mzima, na mwanya wake, na Bertila akamwita mama yake kwa jina la nyumbani, hapo hapo kwenye sofa la Yasinta, wakalia wote wawili.

Kila kipande alimsimulia baba yake kwa simu, Jumapili hata Jumapili, kwa sababu mzee alikuwa haoni tena. "Ni mizuri, Tata," alimwambia. "Wasomi wangeipenda. Ni mizuri kweli." Mzee alimjibu asante, ile asante unayompa mgeni anayesifia mchuzi uliozidi chumvi. Hakuamini. Bertila aliisikia hiyo hali ya kutoamini kila wiki, akakata simu kila wiki akisema moyoni, nikiipata miguu ataamini. Nitamwambia kwamba kuna Petro mwingine duniani mwenye miguu kama ile, na kwamba mimi nimempa miaka ya maisha yangu. Lakini miguu haikupatikana. Watu wa kwetu wakipiga picha husimama, na magauni ya harusi hufika chini. Petro alikuwa anaonekana siku zote kuanzia magotini kwenda juu.

Ikaja korona. Aprili ya 2020 hoteli zimefungwa, misa iko kwenye simu, watu wamekaa majumbani wakipanga makabati. Yasinta akafungua boksi ambalo Harvey hakulifikia kwa kuwa lilikuwa juu ya friji, akakuta picha ya ubatizo wa mdogo wake. Hakuituma kwa WhatsApp. Alimpigia Bertila akamwambia aje, akaibandika kwenye kioo cha dirisha kwa ndani, yeye amesimama sebuleni na barakoa, Bertila yuko nje uani.

Katika picha hiyo wanawake walikaa mikekani, watoto mapajani, na mpiga picha inaelekea alipanda juu ya benchi. Nyuma yao, kulia, karibu na mlango, Petro alikuwa mzima mpaka kucha.

"Si ndiye huyo?" Yasinta alipaza sauti kupitia kioo. "Mbona hufurahi?"

Bertila alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa blauzi. Mguu mmoja ulikuwa wa kulia. Mmoja wa kushoto. Miguu mizuri, ya kawaida, inayoweza kutembea. Alidhani ni picha ya kanisa jingine. Kisha jicho lake, lile lililofundishwa kwa miaka mingi na kwa gharama ya watu, likaona kwamba wekundu wa miguu haukuwa wekundu wa vazi. Ulielekea kahawia.

"Mdogo wako alibatizwa lini?" aliuliza. Yasinta akamtajia. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya likizo ile ya kicheko.

Aliondoka bila kuaga vizuri. Aliendesha gari mpaka kwenye maegesho ya kanisa, yalikuwa matupu, akazima injini, akapiga. Jirani akapokea, akampelekea mzee simu.

"Tata, nimeipata miguu ya Petro."

"Ee?" Mzee alisikika akijiweka sawa kitini. "Ikoje?"

"Mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto."

"Ee. Niliirekebisha."

"Kwa nini, Tata?" Alikuwa anajua tayari. Alikuwa anauliza kama mtu anayesubiri sindano.

"Si ulisema atazunguka palepale?" Mzee alicheka kidogo, bila kinyongo chochote. "Ulikuwa umesema kweli. Mlipoondoka kurudi shule nikaomba ufunguo kwa katekista. Ule udongo wa kwanza ulikuwa umekwisha, nikachota kwingine, rangi haikulingana sana. Ulipokuja likizo iliyofuata nilikaa nyuma yako misa nzima, nangoja uone. Nikasema, leo ataona. Ukatoka na wenzako mkaenda zenu."

Kurasa zote za ile sura zilimpita Bertila machoni, askofu mkali, fundi wa mjini, mafundisho yaliyobadilika, na katika kile kijikanisa cha Uturuki akamwona msichana mmoja amesimama mlangoni na wenzake, anacheka.

"Kwa hiyo waliponiambia umekubali michoro ifunikwe," mzee aliendelea kwa upole, "sikushangaa. Nilijua tangu zamani kwamba hukuipenda."

"Tata, nilimpenda." Alikuwa analia wazi sasa. "Yule wa kwanza. Wa miguu ya kushoto. Yule ndiye aliyekuwa mzuri."

Kule Nyarubale walisikika kuku tu. Alidhani simu imekatika, akaita, "Tata? Tata, upo?"

"Nipo," alisema mzee Modestus. "Ungesema tu, mwanangu. Ningemwacha."